Vitenge Mlangoni kwa Fundi Lukeba

Batuli alipomwona Lukeba kwa mara ya kwanza, alianza kuiona miguu. Miguu mirefu ya mwanamume, iliyochomoza nje ya mlango wa Mersedesi nyeusi, na Mersedesi yenyewe imezimika katikati ya soko la Rumonge, mbele kabisa ya cherehani yake. Wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, walipiga kelele wapishwe, wabeba mawese wakatukana kwa Kirundi na Kiswahili, dereva akawa ameinamia injini anahangaika. Mwenye miguu wala hakujali. Kichwa chake kilikuwa chini ya usukani, anagonga-gonga kitu kwa kidole.

"We mwenye miguu!" Batuli aliita. "Ondoa gari, unanizibia wateja!"

"Gari si yangu, dada," sauti ikajibu kutoka ndani. "Mimi natazama ubao tu."

"Ubao gani mu gari?"

Hapo ndipo kichwa kilipotoka. Kijana wa makamo, shati jeupe la mikono mifupi, penseli sikioni, unga wa mbao kwenye nyusi. Akatabasamu kama wanaofahamiana zamani. "Njoo uone."

Batuli hakuwa mwanamke wa kuitwa njoo akaja. Lakini siku ile, sijui kwa nini, aliinuka, akakaza kitenge chake kiunoni, akaenda kuchungulia. Loo! Ndani mlikuwa na viti vya ngozi nyekundu, na mbele, pale penye saa na mishale, ubao mrefu uliokwenda mpaka kwenye milango. Zamani ulikuwa unang'aa. Sasa ulikuwa umevimba na kupasuka, ngozi yake ya juu inabanduka kama ganda la kitunguu.

"Muzungu mwenyewe alirudi kwao bendera ilipobadilishwa," Lukeba alieleza. "Gari ikabaki Minago kando ya ziwa, madirisha wazi, masika yote. Sasa imenunuliwa na Madamu Kadidja. Anataka mbao zote nimuwekee mupya."

Jina hilo Batuli alilijua, na nani asiyelijua? Kadidja mfanyabiashara wa mawese, mjane, mrembo, mwanamke aliyevaa viatu vya kisigino hata akienda kuangalia mapipa yake.

"Na wewe utaweza?"

"Nimetengeneza mitumbwi, nimetengeneza vitanda. Hii iko kati ya mutumbwi na kitanda," alisema. "Naomba kitambaa laini, dada. Cha pamba. Nifute nione rangi yake."

Batuli akampa kipande. Kesho yake fundi akarudi kuomba kingine. Kesho kutwa kingine.

"Fundi gani anamaliza vitambaa hivi?" Batuli alimwuliza. "Unavila?"

"Navitunza. Vinanukia mikono yako."

"Mutume! Toka hapa." Lakini kipande kingine alikuwa ameshakikata kabla fundi hajafika, na shangazi yake Mwasiti, aliyekuwa akiuza chumvi jirani, alikiona.

Hivyo ndivyo walivyopendana, mbele za watu na kwa kutaniana. Lukeba alikuwa ametoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, hana ndugu Rumonge. Akatafuta wazee wa msikiti wakamposea. Shangazi akapokea sukari na vitenge vya posa, harusi ikawekwa baada ya Maulidi.

Ila Batuli, moyo wake ulikuwa umeshaungua. Mume wake wa kwanza, Asmani, alikuwa mwenye maneno matamu vilevile, mwenye safari za Nyanza-Lac zisizoisha. Siku Batuli alipomfuata huko bila kuaga, alikuta kitenge cha kike kimeanikwa mlangoni pa chumba alichopanga. Hakubisha hodi, aligeuza njia akarudi. Maana kwa Waswahili wa upande ule wa ziwa, mwanamke haaniki nguo yake kwenye mlango wa mwanamume asiye wake. Bibi harusi huianika asubuhi ya kwanza, mtaa mzima ukajua nyumba ina mwenyewe. Asmani alipoulizwa hakubisha. Tangu hapo Batuli alikuwa akisikia neno zuri la mwanamume, analipindua kwanza kuangalia chini yake.

Ikafika siku Lukeba alipokwenda Bujumbura kutafuta verni, ile dawa ya kung'arisha ubao. Mchana karani wa posta akatuma mtu sokoni: Batuli anaitwa kwenye simu. Alikimbia, akashika chombo kwa mikono miwili, na foleni nzima ya posta ikanyamaza kusikiliza.

"Aloo? Batuli? Sheri wangu?"

"Mbona sauti yako iko mbali?"

"Iko mbali kwa sababu mimi niko mbali! Nimepata verni. Nilitaka tu kukusikia."

Batuli akageukia ukutani, kuwaficha wale wa foleni tabasamu lake. Mara, nyuma ya sauti ya Lukeba, ikaja sauti ya kike, ya mtu asiyeharakishwa na yeyote: "Lukeba, twende. Gari inangoja."

"Nani huyo?"

"Madamu. Amenibeba kwa gari, mbao zake bado hazina verni lakini inakwenda, mimi nilifikiri nitapanda kamio ya mizigo, sasa yeye..." Simu ikakatika.

Lukeba aliporudi, Batuli alimwandalia wali na samaki mukeke wa kukaanga, akamwacha ashibe. Kisha akauliza, "Njiani mulizungumza nini?"

"Ubao."

"Kutoka Bujumbura mpaka Rumonge, ubao?"

"Na barabara," alisema Lukeba, akaanza kutafuta miiba kwenye samaki aliyekwisha kuliwa. Kuna kitu anaficha, Batuli alijiambia, na hakukosea.

Siku chache baadaye, shangazi Mwasiti alikuja kwenye cherehani huku anahema.

"Keti."

"Shangazi, nimeketi."

"Basi shikilia hiyo cherehani. Nimepita kwa Lukeba, pale karakanani anapolala. Mulango umefungwa mchana huu, na kumeanikwa vitenge. Mulangoni na dirishani. Vya mwanamke."

Batuli alisimamisha gurudumu la cherehani.

"Kimoja ni kile cha tausi wa buluu, cha Madamu Kadidja, alichovaa Idi. Nirudishe posa? Sema, sukari bado iko, nairudisha leo hii wajue na sisi tuna heshima."

"Ngoja," Batuli alisema. "Ile ya kwanza niligeukia mulangoni. Safari hii nitaingia."

Kilikuwa kiangazi. Kila lori la mawese lililopita liliinua vumbi jekundu mpaka kwenye mapaa. Batuli aliupita mtaa bila kumwamkia mtu, na watu walimwona, wakajua anakokwenda. Na kweli, vitenge vilikuwepo. Tausi wa buluu wamejitandaza mlango mzima wa karakana, wabichi, maji yanadondoka. Vibichi! Kumbe mtu ameoga, amefua, ameanika. Alijikaza asilie, akagonga.

"Nani?"

"Mimi."

"Usifungue!"

"Unasema nini?"

"Batuli, mupenzi, usifungue, nakuomba. Rudi jioni."

"Uko na nani humo?"

"Niko peke yangu."

"Na hivi vitenge?"

"Nitakueleza! Usikiguse hicho kitenge!"

"Ahaa! Hata nguo yake nisiiguse?" Aliikamata kwa mikono yote, akaivuta ikaanguka mavumbini, akausukuma mlango kwa bega.

Lori lilikuwa linapita. Upepo wake ukaingia pamoja na Batuli, na vumbi lote la Rumonge likaingia pamoja na upepo. Lukeba alikuwa amesimama katikati ya chumba, kifua wazi, brashi mkononi. Sakafu imemwagiwa maji. Batuli alitazama nyuma ya mlango. Akatazama chini ya meza. Akasogeza hata mabao yaliyoegemea ukutani, amshike mtu. Hapakuwa na mtu.

Palikuwa na mbao tu. Zimepangwa juu ya meza, za mbele na za milango minne, zote za mninga mmoja, zimekatwa hivi kwamba mistari ya ubao inatoka mlango huu, inapita mbele ya dereva, inaendelea mlango ule bila kukatika. Zilikuwa zimelowa verni na zinang'aa sana, na juu yake, taratibu, vumbi jekundu lilikuwa linatua.

"Funga mulango," Lukeba alisema kwa sauti ndogo.

Aliufunga.

"Verni haitaki vumbi," alisema yeye. "Kitenge kibichi kinalikamata kabla halijaingia. Hata shati nimelivua, nyuzi zisianguke. Nilimwomba Madamu nguo zake za zamani, gari si yake?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia usifungue."

"Jana! Juzi! Mbona hukuniambia unatundika nguo za mwanamke mwingine mulangoni kwako? Hujui maana yake?"

Hapo Lukeba akageuka kuvitazama vitenge vya dirishani. Mtu wa Baraka, na kule kwao kitenge kikianikwa kimeanikwa tu. Hakujua. Maskini, alikuwa amejiozesha mbele ya mtaa mzima bila habari.

Kabla hajajibu, honi ikalia nje. Madamu Kadidja aliingia kwa visigino vyake, gauni la maua, miwani ya jua ameisukuma juu ya kilemba. Alizitazama mbao zake. Akapitisha ukucha juu ya mmoja, ukucha ukatoka mwekundu.

"Nani amefungua?"

"Upepo, Madamu," alisema Lukeba, haraka na vizuri.

Vizuri mno. Batuli alimgeukia. Alikuwa anamlinda, hilo alilielewa. Lakini uongo ule ulitoka laini, bila kukwama popote, na ndio ulimtisha kuliko vitenge. Angeweza kunyamaza aibu ikapita. Akahisi kwamba akinyamaza, watakuwa wameanza nyumba yao kwa uongo, na yeye ndiye aliyeupokea.

"Si upepo," alisema. "Ni mimi. Nilifikiri wewe ndiwe uko ndani."

Madamu Kadidja alimgeukia. "Mimi? Humu?"

"Ndiyo."

"Ningependa ningekuwa humu," alisema Kadidja, bila haya hata kidogo. "Hakukuambia? Tulisimama Muhuta gari ipoe, nikamwambia anioe. Nina nyumba, nina gari, sina wa kuongea naye. Akasema yeye ana Batuli. Nikamwuliza, huyo Batuli ana nini? Akanyamaza mpaka Minago. Kisha akaniambia, 'Ananigombeza, Madamu, na mimi napenda.'" Aliishusha miwani machoni. "Nimetoa nguo zangu nikinge vumbi, kumbe nimewapa watu harusi ya kusimulia. Mbao zangu zifanywe upya, fundi. Amahoro." Akiisha kuaga hivyo akaondoka, na Batuli kwa mara ya kwanza alimwonea huruma.

Wakabaki wawili.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungerudisha posa siku ile ile."

Ilikuwa kweli, na Batuli aliichukia kwa sababu ilikuwa kweli. "Na upepo?"

"Nilitaka kukusitiri."

"Usinisitiri kwa uongo, Lukeba. Yule wa kwanza alinisitiri hivyo hivyo, miaka."

Lukeba alichukua msasa, akaukata vipande viwili, na Batuli, bila kuombwa, akachukua kimoja. Wakaanza kuikwangua verni iliyoharibika, ubao kwa ubao. Alimwonyesha afuate mistari, asiikatize. Cherehani ilikaa sokoni peke yake mpaka wiki ikaisha. Shangazi Mwasiti alikuja, akawakuta wote wawili wamejaa unga mpaka kwenye kope, akauliza kama airudishe ile sukari au asiirudishe. Batuli akamwambia ainywee chai.

Alasiri moja, ubao wa mwisho ukiwa mapajani, Lukeba aliuliza bila kuinua macho. "Batuli. Sasa unaniamini?"

Aliupuliza ubao wake. "Bado."

"Hata kidogo?"

"Kidogo ndiyo. Asubuhi naamini. Ikifika mchana naanza kuuliza."

"Basi niwaambie wazee harusi ingoje?"

"Ingoje nini? Tuoane hivyo hivyo. Kuamini kutanikuta mu nyumba."

"Na kusipokukuta?"

"Nitakuuliza kila siku. Na wewe utanijibu kila siku, kweli, hata kama iko mbaya. Ukitaka muke asiyeuliza, Madamu hajaenda mbali, mukimbilie."

Lukeba aliweka msasa chini. "Haya. Uliza ya leo."

Batuli alifikiri. Swali lilikuwepo tangu siku ile, alikuwa analizunguka tu. "Ulipomukatalia Madamu, iliuma?"

Alimwona akianza kusema hapana. Alimwona neno limefika midomoni, laini, limeshachongwa. Kisha akamwona analimeza.

"Kidogo," Lukeba alisema, uso umemwiva. "Batuli, ile gari iko nzuri sana."

Batuli alimkazia macho, akatafuta uongo popote usoni pale, akaukosa. Akacheka, akacheka mpaka ubao ukamwanguka mapajani, na jirani wa upande wa pili akagonga ukuta kuuliza kuna nini.