Utepe Kwenye Mdomo wa Bomba

Mama Pacha alikuwa anamenya vitunguu mlangoni aliposikia hodi. Mwanamke asiyemjua alisimama uani. Alivaa ovaroli ya buluu na begani alibeba ngazi.

"Karibu," alisema Mama Pacha, akiiangalia ngazi. "Lakini sisi hatujaita fundi."

"Najua, dada. Nimeitwa na jirani yenu wa nyuma. Kiyoyozi chake kinanuka. Nimekiosha jana, nimekiosha leo, bado kinanuka majani yaliyooza. Ndipo nikaamua kuifuata pua yangu. Imenileta hapa."

Baba Pacha alisimamisha cherehani yake barazani. Futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake.

"Harufu itoke kwetu?" alicheka. "Hiyo haiwezekani. Chumba chetu cha uyoga nimekiziba kwa mikono yangu. Hata sisimizi akitaka kuingia, lazima aombe ruhusa."

"Nikione basi."

Walikwenda nyuma ya nyumba. Chumba kilikuwa kidogo. Mifuko ya mabua ilining'inia kwa kamba kutoka juu mpaka chini, na uyoga ulichomoza kwenye matundu yake. Mlango ulikuwa umezungushiwa sponji. Dirisha lilifunikwa kwa nailoni. Pembeni feni ilinguruma. Katikati, juu ya kigoda, aliketi mama yake Baba Pacha. Wote nyumbani humwita Bibi. Alikuwa anachuma uyoga huku akikohoa.

Fundi hakuvuka kizingiti.

"Bibi, shikamoo. Naomba utoke nje kwanza."

"Marahaba. Nitoke niende wapi? Mwenye chumba hiki ni mimi."

"Toka tu, Bibi. Tafadhali."

Bibi alitoka akinung'unika. Nje penye mwanga, fundi alipitisha kidole juu ya kitambaa cheusi cha kichwani mwake. Kidole kilitoka cheupe.

"Hiki ni nini?"

"Vumbi la dari," alijibu Mama Pacha.

Fundi alichungulia mlangoni, akaangalia juu. Wote waliinua macho. Chumba kile hakikuwa na dari. Juu kulikuwa na nailoni, na juu ya nailoni ni bati.



"Ni vumbi la uyoga wenyewe," fundi alisema taratibu. "Uyoga ukikomaa humwaga mbegu ndogo kama unga. Mtu akizivuta kila siku, mapafu yanaumia. Bibi, kichwa hakikuumi?"

"Kila alasiri. Nikajua ni uzee."

Mama Pacha aliutazama mlango. Kila siku alikuwa akimpelekea Bibi chai mle ndani, kisha akiufunga mlango ili hewa isitoke.

"Lakini feni inafanya kazi," alisema Baba Pacha. Sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Isikie inavyonguruma. Na mbele yake nimeweka chujio la makaa, lile la kukamata harufu."

"Kunguruma ni kelele. Tuone kama inatoa hewa. Una kipande cha kitambaa chepesi?"

Baba Pacha alimletea utepe wa hariri, urefu wa kiganja. Fundi alizunguka nje, akaufunga kwenye mdomo wa bomba lililotoboa ukuta. Hapo ndipo hewa ya feni ilitakiwa kutokea.

Utepe ulining'inia umetulia kabisa. Ndani feni ilinguruma. Nje utepe haukutikisika hata kidogo.

Baba Pacha aliweka kiganja mbele ya bomba. Akakigeuza. Akakirudisha tena. "Miezi mitano," alisema. "Miezi mitano mama yangu amekaa humo."

Fundi alijifunga barakoa na kuingia. Alirudi ameshika gunia la kitambaa kizito. "Chujio limevalishwa hiki. Nani amelivalisha?"

"Mimi," alisema Baba Pacha. "Bitana ya koti, mikunjo mitatu. Nilifikiri kitambaa kikiwa kizito, kitachuja zaidi."

"Umelishonea koti kweli kweli. Hata vifungo vipo. Sasa jaribu kupumua ukiwa umefunikwa koti hilo usoni."

Bibi alicheka, akakohoa, akacheka tena.

"Lete futi yako," fundi alisema. "Tupime chumba kama unavyompima mteja."

Walipima. Urefu mita tatu, upana mita mbili, kimo mita mbili na nusu. Fundi aliandika ukutani kwa chaki.

"Tatu mara mbili, sita. Sita mara mbili na nusu, kumi na tano. Chumba hiki kinabeba mita za ujazo kumi na tano za hewa. Kwa chumba cha uyoga kama hiki, mimi hubadilisha hewa yote mara kumi na mbili kwa saa. Kumi na tano mara kumi na mbili?"

"Mia moja na themanini," alisema Mama Pacha.

"Vizuri. Lakini chujio na bomba huipunguzia feni nguvu. Kwa hiyo naongeza theluthi. Inakuwa mita za ujazo mia mbili na arobaini kwa saa. Feni yenu imeandikwa ngapi?"

Baba Pacha alisoma kibandiko. "Themanini."

"Hiyo ni feni ya choo. Nunueni ya mia mbili na hamsini. Chujio nalo lisiwe dogo kuliko feni. Hewa ikipita mbio mno, makaa hayapati nafasi ya kushika harufu. Lenu limeandikwa mia tatu. Linafaa."

"Na kuziba kwangu?" aliuliza Baba Pacha.

"Ndiyo kosa lingine. Feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Harufu iliyokwama ndani ikapenya chini ya bati mpaka kwa jirani. Toboa tundu chini ya mlango, pana kuliko bomba, uliwekee wavu. Na mjue hili: makaa hushika harufu tu. Hewa iliyokwisha kupumuliwa hayaiondoi. Uyoga unapumua kama sisi. Tazameni mashina yake, marefu na membamba, na kofia ndogo kama vifungo. Unatafuta hewa."

Kwa wembamba huo Mama Pacha alikuwa amelaumu mbegu alizonunua. Alikuwa amemgombeza hata muuzaji.

"Badala ya koti, livalishe chujio kitambaa kimoja chepesi, ukifue kila wiki. Anayechuma avae barakoa, achume kabla uyoga haujakomaa mno. Bibi aende hospitali leo hii. Na utepe ubaki hapo. Ukicheza, ingieni. Ukining'inia, asiingie mtu. Bibi, unaniahidi?"

"Naahidi," alisema Bibi. "Utepe usipocheza, siingii."

Wiki ile walinunua feni mpya. Siku ilipowashwa, utepe uliruka ukanyooka kama ulimi wa mtoto mtundu. Harufu kwa jirani iliisha. Daktari alimpa Bibi dawa, akamkataza chumba kwa miezi miwili. Kikohozi kilipotulia, akamruhusu saa moja kwa siku, kwa barakoa. Uyoga mpya ulitoka na kofia pana kama visahani. Mpishi wa kantini ya kiwandani akaanza kuja kuununua kila Ijumaa.

Ijumaa moja Bibi alibaki nyumbani peke yake. Alichukua kikapu, akavaa barakoa, akazunguka kwanza nyuma. Utepe ulikuwa unaning'inia. Kitambaa cha chujio kilijaa vumbi. Hakuna aliyekumbuka kukifua.

Mpishi alifika na ndoo yake, akachungulia kupitia nailoni ya dirisha.

"Bibi, uyoga si ule pale? Leo ndiyo siku yake. Kesho utakuwa umepitiliza."

"Nauona."

"Ni kazi ya dakika kumi. Nani atajua?"

"Utepe haujacheza, mwanangu."

Mpishi alisubiri kidogo, akatazama saa, kisha akaondoka kutafuta uyoga kwingine. Bibi alikigeuza kikapu chake kitupu, akakikalia mbele ya mlango uliofungwa, akavuta pumzi ndefu. Haikukwama popote.