Bustani Nyeupe ya Mke wa Fundi Saa

Waridi jekundu lilikutwa limeng'olewa, mizizi juu, maua chini, na shimo limefukiwa vizuri. Fundi saa, mtu mpole asiyejua hata kugombana na kuku, ndiye aliyempandia mkewe jana yake kama zawadi. Mke hakusikitika hata kidogo. Alishasema bustani yake ni nyeupe tupu, mimea ya kudumu, si ya msimu: asumini, waridi jeupe, vyungu vya chokaa, mpaka kokoto za njiani alizichambua mwenyewe.

Ulikuwa wivu, tusifichane. Dada yake alikuwa na bustani ya zambarau, na wageni wakitoka kule sifa haziwaishi. Roho ilimuuma. Basi kila jioni akawa anamwagilia huku akiinong'oneza mimea yake, "Nyinyi ndio wangu, kuliko hata yule wa ndani." Maneno hayo yakapata msikilizaji.

Tangu hapo nyumba ikawa inanuka udi ambao hakuna aliyeuchoma. Kokoto zikalia chini ya miguu isiyoonekana, mchana kweupe. Fundi saa akaanza kukonda, na kila alipokaa karibu na mkewe alisikia mtu akihema nyuma ya shingo yake, taratibu, kwa hasira, mhemo wa moto unaosogea mpaka sikioni na kukaa hapo hadi ahame kiti.

Mganga alipoitwa, aligoma kuvuka geti. Alimvuta mke pembeni.

"Ni jini mahaba, bibie. Umempa makao, ukampa na neno. Sasa anamwonea mumeo wivu. Ng'oa vyote leo, kwa mikono yako, ama utabaki naye."

Aling'oa huku akilia, maana alimpenda mumewe, asisingiziwe. Ilibaki asumini moja tu ukutani, dada yake alipochungulia getini.

"Pole mdogo wangu," akasema, macho yakimcheka. "Wengine hamkujaliwa mkono wa kuotesha."

Weee! Damu ilimchemka. Dada alipompa kisogo tu, akapiga magoti na kuirudisha mimea yote, mmoja baada ya mwingine, akiushindilia udongo kwa ngumi.

Alipoingia ndani alimkuta mumewe ameketi kitandani, mashavu yamejaa, mzima kabisa. Akashukuru, akamwita mganga mwongo moyoni.

Mume akaushika mkono wake wenye udongo, akaubusu, akasema kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia:

"Nilijua utanichagua mimi."