Odessa wa Soseji

Foleni ya kula bure ilikuwa imezunguka kona ya mtaa uitwao U hadi mlangoni kwa kinyozi. Serikali ilikuwa imefungwa wiki ya tatu sasa, na mwenye mgahawa mmoja wa soseji alikuwa ametangaza kwamba mtumishi yeyote wa serikali atakayeonyesha kitambulisho cha kazi atakula bila kutoa senti. Baridi ya Januari ya Washington ilikuwa inakata masikio. Watu walijikunyata ndani ya makoti meusi, wamekunja sura, kila mmoja akijifanya alikuwa anapita tu.

Katikati yao alisimama Odessa Pettiford, koti jekundu la sufu, kofia ya kijani yenye unyoya, midomo imepakwa rangi vizuri. Mama yake alimlea kwa kanuni kwamba ukienda kupokea cha mtu, vaa kumzidi anayekupa. Pale kwenye foleni alionekana kama bibi arusi aliyepotea njia akaingia msibani.

Mwandishi wa habari wa televisheni ya jiji, Bradley Kessler, alikuwa anatembea pembeni ya foleni akichagua nyuso. Nywele zake hazikutikisika hata upepo ulipovuma. Alimtazama Odessa toka juu hadi chini, akatikisa kichwa.

"Huyu hapana," alimwambia mpiga picha wake. "Amependeza mno. Watu wakimwona huyu watasema serikali ifungwe kila mwezi. Nitafutie mwenye majonzi."

"Majonzi utayapata kwenye kioo, kaka," Odessa akamjibu.

Foleni ikacheka. Kessler akasonga mbele na kipaza sauti chake, lakini mpiga picha akabaki. Alikuwa mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, koti lake lina mifuko mpaka mgongoni. Jina lake Linwood Treadwell.

"Msamehe mwenzangu, dada. Anasaka machozi tangu asubuhi. Jana alimpata bibi mmoja analia, akamhoji mpaka akachoka, kumbe bibi ana mafua."

"Na wewe unasaka nini?"

"Nilikuwa nasaka chakula cha mchana. Sasa hivi sina hakika."

"Una kitambulisho cha serikali?"

"Sina."

"Basi simama hapo hapo uteseke. Hapa tunakula sisi tusio wa lazima."

Hilo la kuwa wa lazima ndilo lililokuwa linamtafuna Odessa kuliko njaa. Wakubwa wanapogombania bajeti, serikali ikafungwa, watumishi hugawanywa mafungu mawili. Wa lazima wanafanya kazi bila mshahara, na wasio wa lazima wanakaa nyumbani bila mshahara. Odessa alikuwa anasafisha mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kwenye jumba la makumbusho, kwa brashi ndogo na subira kubwa. Wakubwa waliona kwamba mifupa iliyosubiri mamilioni ya miaka inaweza kusubiri kidogo tena.

Sasa mama yake, Mama Lurleen, aliyekuwa anaishi Rocky Mount kule North Carolina, alipiga simu siku ile ile ya kwanza. "Wewe wamekuweka fungu lipi?" Odessa alifungua kinywa aseme kweli, ulimi ukateleza. "La lazima, mama." Jumapili iliyofuata Mama Lurleen alisimama kanisani akashuhudia kwamba pasipo binti yake serikali ya Marekani isingepumua. Waumini wakasema amina kubwa. Eula Batts, mshindani wake wa kwaya na wa mapishi, alisema amina ndogo.

"Nipige picha ukitaka," Odessa alimwambia Linwood, "lakini sura usiiguse. Mama akiniona kwenye foleni hii atakufa, halafu atafufuka aje aniue na mimi."

"Nitapiga mgongo tu. Naapa."

"Na kofia?"

"Kofia hiyo nisipoipiga nitakuwa nimeiba mshahara."

Alipiga mgongo kweli, na kofia. Tatizo lilianzia ndani. Odessa alipewa soseji yake kwenye mkate, imemwagiwa rojo la nyama na maharage na vitunguu, moto unafuka. Tangu jana alikuwa hajala kitu cha moto. Aling'ata tonge la kwanza, akafumba macho, akatafuna polepole, rojo likimtiririka kidevuni. Linwood aliyekuwa anapiga picha za mpishi alijikuta kamera imegeuka. Hakuizima mpaka tonge la mwisho. Kisha akaomba namba ya simu, na Odessa akampa bila hata kujifuta kidevu.

Wiki ile ilikuwa tamu. Kwa kuwa makumbusho yalifungwa na fedha hakuna, walitembea. Linwood akitoka kazini anapiga simu.

"Mama wa mijusi, umeamka?"

"Saa kumi alasiri hii? Niliamka, nikakosa la kufanya, nikalala tena."

"Toka nje. Niko chini, nimekuletea kahawa."

"Nimevaa gauni la kulalia."

"Vaa koti jekundu juu yake. Hakuna atakayejua, mimi nitajua tu, na mimi ni msiri."

Msiri. Odessa alicheka huku akitafuta viatu. Moyo wake ulikuwa umeshaondoka, viatu ndivyo vilivyokuwa vinachelewa.

Kumbe Linwood alikuwa amewapelekea wahariri picha zote za mgahawani na kuandika juu yake: mgongo tu. Wahariri wa habari hawasomi maandishi, wanaangalia picha. Na katika picha zote za siku ile hakukuwa na nzuri kama tonge la Odessa.

Siku moja Mama Lurleen alipiga simu adhuhuri.

"Odessa, uko wapi?"

"Kazini, mama," alisema Odessa, blanketi mpaka shingoni.

"Mbona nakuona kwenye televisheni unakula?"

Blanketi likawa zito ghafla. "Si mimi, mama. Watu wanafanana."

"Ana kofia kama yako."

"Kofia zinauzwa, mama."

"Haya. Nitamwambia Eula si wewe."

Odessa aliwasha televisheni akajiona, mkubwa kama ukuta, anatafuna. Alibadilisha kituo akajiona tena. Kituo kimoja kiliandika chini ya kidevu chake kwamba njaa imewakumba watumishi. Kingine kiliandika kwamba watumishi wanastarehe kwa likizo ya bure. Tonge ni lile lile. Kila mwanasiasa alipofungua kinywa kusema lolote juu ya serikali kufungwa, Odessa alitokea nyuma yake akitafuna, na pembeni maandishi madogo yanayosema hizo ni picha za maktaba, za akiba. Binamu yake aliyekuwa jeshini Ujerumani alimtumia ujumbe kumtakia mlo mwema. Mtaani watoto wakamwita Odessa wa Soseji.

Akampigia Linwood.

"Linwood, mgongo wangu uko wapi?"

"Mpenzi, nisikilize, niliandika kabisa..."

"Nimekuuliza mgongo. Maana naona mdomo asubuhi, mdomo mchana, mdomo jioni."

"Nilipiga kwa sababu sikuweza kuacha. Ulifumba macho vile, nikasahau nimekuja kufanya nini."

"Ungeniangalia kwa macho yako. Mungu alikupa mawili, hayahitaji betri. Nenda ukawaambie waifute."

"Nimeshawaomba. Wamekwisha kuwapa vituo vingine. Picha za maktaba hazifutwi, zinatumika mpaka ipatikane nzuri kuliko hizo."

"Basi mama yangu atachekwa kanisani mpaka nizeeke. Usinipigie tena."

Akamkatia simu. Alilia siku ile, na kilichomuuma zaidi ni kwamba kila simu ilipolia na kumbe ni mtu mwingine, alitamani angekuwa Linwood. Lakini akimkumbuka mama yake akimwapia Eula Batts, anakasirika upya. Mama mwenyewe alikuwa anampigia kila jioni na habari za vita. "Leo Eula kasema mwanamke wa soseji ana pua yangu. Nimemwambia pua kama yangu Mungu hakutengeneza mbili." Odessa alikuwa anaitikia tu, ndiyo mama, sawa mama, na uongo wake unanenepa.

Siku chache baadaye aliwasha televisheni akiwa amejiandaa kujichukia. Mwanasiasa alianza kuongea. Nyuma yake hakutokea koti jekundu. Alitokea mwanaume mrefu kwenye kiti cha mgahawa ule ule, soseji mkononi, rojo limejaa ndevuni, machozi yanamchuruzika mashavu yote mawili, kamasi nazo hazikubaki nyuma. Chini waliandika: mtumishi wa serikali alia kwa dhiki. Akabadilisha kituo. Linwood analia. Kituo kingine. Linwood analia, kwa pembe nyingine.

Odessa akampigia yeye mwenyewe.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimewapa nzuri kuliko ile." Sauti ilitoka nzito. "Niliweka kamera kwenye miguu yake mitatu, nikamwambia mpishi aweke pilipili yote aliyonayo."

"Linwood, wewe si mtumishi wa serikali. Huo ni uongo."

"Mimi sikudanganya mtu. Niliandika juu yake: mpiga picha wa kituo hiki, Linwood Treadwell, anakula pilipili. Hawasomi, Odessa. Nilikwambia hawasomi."

"Na bosi wako?"

"Bosi amesoma jana. Amenirudisha nyumbani bila mshahara mpaka ajue la kunifanya."

Odessa alitaka kusema jambo la maana, kikamtoka kicheko, na ndani ya kicheko kikawamo kilio. "Kwa hiyo na wewe si wa lazima."

"Ndiyo hivyo, dada. Nipokeeni kwenye foleni."

Alimpelekea supu ya kuku nyumbani kwake, mtaa wa Anacostia, amevaa koti lile lile. Linwood alifungua mlango midomo imevimba kama maandazi. Walikaa jikoni. Alijaribu kunywa supu, ikamshinda, akaweka kijiko chini.

"Sina kazi, sina mshahara, na uso ndio huu. Nikikuomba nikuoe leo, utajua sina hila yoyote."

"Kwa midomo hiyo utanibusu vipi, bwana arusi?"

"Kwa subira."

Haraka haina baraka, ni kweli, lakini mtu aliyeona mwenzake akinywa aibu yake yote mbele ya taifa zima haulizi tena maswali mengi. Odessa alikubali. Jambo moja tu lilimkaba, mama. Alisema atamwambia kesho. Kesho ikawa keshokutwa, na siku ya kwenda kuchukua kibali cha ndoa ikafika mama bado anaapa kanisani.

Mlango wa ofisi ya vibali mahakamani ulikuwa na karatasi: imefungwa mpaka serikali itakapofunguliwa. Nje walikuwa wamesimama maharusi wengine, mmoja na shela kabisa, anapiga chafya. Na palipo na watu wanaopiga chafya kwa huzuni, Kessler hakosi. Alikuja mbio na kipaza sauti na mpiga picha mpya, na vituo vya nchi nzima vilikuwa vinamwonyesha moja kwa moja. Alipoliona koti jekundu, uso wake uling'aa.

"Ni yeye. Ni yule wa soseji."

Linwood akasimama mbele ya Odessa akatandaza koti lake la mifuko. "Geuka, mpenzi. Nitakuziba mpaka waondoke."

Odessa alijua saa ile mama yake amekaa kwenye ukumbi wa kanisa anashona na kina mama wenzake, televisheni imewashwa, Eula Batts kiti cha pili. Angeweza kugeuka. Akamsogeza Linwood pembeni kwa kiganja.

"Unajisikiaje?" Kessler akamuuliza.

"Nasikia baridi. Naitwa Odessa Pettiford, mama yangu ni Lurleen Pettiford wa Rocky Mount. Yule anayetafuna ni mimi. Sikuwa likizoni, wala sikuwa nalia. Nilikuwa na njaa na soseji ilikuwa tamu, basi. Kazi yangu ni kusafisha mifupa, na mimi si wa lazima. Nilimdanganya mama kwa kuwa niliona haya. Mama, nisamehe. Na huyu ni Linwood, tumekuja kuoana, ofisi imefungwa."

Simu ya Odessa ikaanza kulia mfukoni, akaipokea hapo hapo mbele ya kamera.

"Umemaliza?" Mama Lurleen akauliza.

"Nimemaliza, mama."

"Mtoto, mimi ndiye niliyekufundisha kula. Nikose kuujua mdomo wako? Nilijua tangu tonge la kwanza."

"Lakini ulimwambia Eula..."

"Nilimwambia Eula, nikamwambia na mchungaji, nikaweka na mkono kwenye Biblia ya kanisa. Wewe ulisema si wewe. Ningekuumbua mimi, mama yako? Sasa Jumapili nitasimama kutubu mbele ya Eula Batts, na yuko hapa ameshaanza kutabasamu."

Odessa alilia pale pale, na hakujali ni nani anapiga picha. Alimpenda mama yake siku ile kuliko siku zote.

"Huyo kijana aliyekuwa analia na rojo ndevuni, ndiye huyo?"

"Ndiye, mama."

"Mpe simu."

Linwood akavua kofia yake, na kule Rocky Mount Mama Lurleen akamwona akiivua. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Ndiyo, mama. Hapana, sijaoa mahali pengine. Ndiyo, kanisani naenda. Siyo kila Jumapili, mama, siwezi kukudanganya." Odessa akamshika mkono wa koti, akamsikia mama akiuliza kama machozi yale ya kwenye televisheni yalikuwa ya pilipili tu.

"Hapana, mama," alisema. "Mwanzoni tu ndiyo ilikuwa pilipili."