Baba Alitoa Ushuhuda, Anko Akachukua Hataza

Nina miaka kumi na sita, nasoma hapa Lewisville, na walimu wangu wameshanitabiria jela kwa sababu ya utani. Lakini wasomaji wenzangu, haya si utani... natamani yangekuwa!

Baba ni fundi wa magari ya kale, yale ya matajiri wazee, yenye injini ndefu kama jeneza. Zikifika mwendo fulani hutetemeka mpaka krenki, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, inakatika. Vizuia mtetemo vipo tangu enzi hizo, ila kuvifunga lazima utoboe chuma cha asili, na gari la kale likitobolewa linapoteza thamani. Baba akabuni pete ya chuma na mpira inayobana tu, bila kutoboa. Injini ikatulia... utulivu wa kutisha!

Mama akamsihi aombe hataza kwanza, ili ubunifu uwe wake kisheria. Baba akasema Mungu kwanza. Tukaendesha hadi Pearland, karibu na Houston, kwenye ibada ya shukrani nyumbani kwa Anko Zakayo, mhandisi, rafiki yake tangu Mbeya. Baba akasimama kushuhudia, pete mkononi, akaeleza kila kitu!

Watu wakasema amina. Anko Zakayo akauliza, "Kaka, mpira huo una ugumu gani?"

Nikamnong'oneza Mama, "Hilo nalo ni la kuombea?" Akanifinya.

Anko akaipiga picha ile pete, eti aendelee kuiombea. Tangu hapo hakupokea simu zetu.

Baba alikawia, kazi juu ya kazi. Alipompata mwanasheria, ombi la hataza la Anko lilikuwa limeshatangazwa... michoro ileile! Mwanasheria akasema tunaweza kupinga, tukipata watu waliosikia. Mama akawapigia wote waliokuwa sebuleni siku ile. Kila mmoja akajibu yaleyale: "Dada, tusivunje ushirika."

Kisha Anko akapiga mwenyewe. "Kaka, nahitaji fundi wa kuzifunga hizi pete Houston. Nimekufikiria wewe kwanza."

Nilingoja Baba amtukane. Nilikuwa na matusi mapya kabisa ya kumwazima! Baba akajibu polepole, "Nianze lini?"

Sasa wiki nzima yuko huko, anafunga pete yake mwenyewe kwa jina la mtu mwingine. Nani alimlazimisha? Kodi ya nyumba, jamani. Na aibu.

Wenzangu, shukuruni, imbeni, rukeni mpaka dari! Lakini kitu ambacho hamjakiandikisha, kiacheni nyumbani. Na wewe uliyekuwa sebuleni ukasikia, ukajifanya kiziwi... Baba amekusamehe. Mimi bado.