Upande wa D

Namalwa ninafundisha naye huku Malava, na si mtu wa kutunga mambo. Mumewe Wanjala, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya, alifariki mwaka jana akaacha kompyuta ya mezani nyumbani. Upande wa D wa diski ulijaa nyimbo alizojirekodi, na hakuna kwingine sauti yake ilikobaki.

Jumamosi iliyopita Namalwa alitaka nafasi ya kuweka mitihani. Akafungua programu ya kugawanya diski, akaupunguza upande wa D ili apate mwingine mpya, mtupu. Kazi ikiwa katikati, mvua kubwa ilishuka, nyumba ikawa giza saa tisa mchana, na stima ikapotea. Akanipigia simu akilia.

"Mwalimu, nimemfuta. Nimemfuta Wanjala."

"Tulia, Mama Ashley. Ngoja kwanza stima irudi."

Akakaa gizani peke yake, mvua ikipiga mabati. Ndipo akaisikia diski. Ilikuwa ikizunguka na kukwaruza polepole, ilhali stima haikuwepo. Akapapasa ukutani, akauchomoa waya. Diski ikaendelea kukwaruza.

Stima iliporudi, akawasha. Nyimbo zote zilikuwepo. Akamshukuru Mungu, kisha akaufungua ule upande mpya, uliopaswa kuwa mtupu. Ndani mlikuwa na faili moja ya sauti, iliyorekodiwa saa tisa na dakika kumi.

Akaifungua. Mvua ilisikika juu ya mabati, halafu sauti ya Wanjala, karibu kabisa, nzito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini:

"Mama Ashley, sogea kidogo. Umenibana."