Maji ya Kwanza Mtaani

Mtaa mzima ulikuwa umechimbuliwa. Upande huu lililazwa bomba jipya la maji safi, upande ule bomba la majitaka, na katikati watu walipita juu ya ubao mmoja huku wakilalamika. Asubuhi hiyo ya soko, dobi mwenye kilemba cha njano alifika katikati ya ubao na furushi kichwani, akakutana uso kwa uso na muuza mkaa. Hakuna aliyetaka kurudi nyuma.

"Dada, nipe furushi," sauti ikatoka shimoni.

"Na mikono hiyo ya tope? Haya mashati ya watu!"

"Basi libaki furushi, uje wewe."

Watu wakaangua kicheko, na dobi akageuza uso ili asionekane naye anacheka. Mtaani walimwita Pasi, kwa jinsi alivyoshika moto haraka. Aliyekuwa shimoni, mwenye kofia ngumu nyeupe na buti zilizojaa udongo, alikuwa fundi bomba, msimamizi wa kazi hiyo. Alizoea kuhama mji kabla hajajua majirani zake wanaitwaje. Safari hii alijua hata saa ambayo Pasi hufungua dirisha.

Haukupita muda, simu za video zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nakula nikikutazama. Hebu futa hilo tope shavuni."

"Njoo ulifute wewe."

"Nina kazi mimi! Lini maji, fundi wangu? Nimechoka kuamka alfajiri kukinga matone."

"Karibu, roho yangu. Wewe utakuwa wa kwanza."

Ahadi hiyo ilimnyima fundi utulivu. Pasi alikuwa amepata kazi ya hoteli kubwa, mapazia ya zambarau ya ukumbi mzima, na wakimpenda, kazi ingekuwa yake ya kudumu. Maji yalikuwa hayatoshi hata kuloweka soksi.

Sasa, bomba jipya haliruhusiwi kunywesha watu hivi hivi. Hujazwa kwanza maji yenye klorini kali, yakalala humo kuua vijidudu, kisha yakamwagwa yote. Fundi alijua hayo kuliko jina lake. Lakini alisikia kipande cha juu cha bomba kimeshamwagwa maji hayo, akadhani na cha chini pia, na kwa kiherehere cha mapenzi hakuuliza mtu. Akafungua koki ya kwa Pasi, akaenda zake anapiga mluzi.

Pasi alikuwa ametoka kupeleka suti za watu. Shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo na kumfundisha udobi, aliona bomba linatoa maji kwa nguvu, akashangilia peke yake, akaloweka mapazia. Harufu aliisikia. Akadhani ndivyo maji mapya yanavyonuka.

Pasi aliporudi, zambarau ilikuwa imebaki mabakamabaka.

"Shangazi! Umetia dawa ya madoa?"

"Sijatia kitu, mwanangu."

"Harufu hii ni ya nini? Macho huoni, kusema hutaki!"

Shangazi alivua aproni, akaikunja vizuri, akasema, "Labda nimechanganya chupa. Nimezeeka. Nisikuharibie kazi zaidi." Akaenda kukaa chumbani.

Fundi aliambiwa yote kwa simu, hadi aproni iliyokunjwa, Pasi akilia. Alielewa palepale. Alifungua mdomo kusema, akamwona mhandisi wake akipita, akakumbuka kibarua chake, akasema tu, "Pole, mpenzi." Aibu iliyoje! Baada ya hapo simu ya Pasi ikilia, anaitazama hadi inanyamaza. Chakula hakipiti. Akilala upande huu anamwona Pasi, akigeuka upande ule anaiona ile aproni.

Pasi naye hakutulia. Alijiambia fundi amempata mwingine, kisha akajitukana kwa kuwazia mwanaume huku shangazi hatoki chumbani.

Meneja wa hoteli alipofika kuyaona mapazia, fundi akaingia nyuma yake, kofia mkononi.

"Shangazi, hukuchanganya chupa. Ni mimi. Nilifungua maji yenye klorini. Mhandisi nimeshamwambia."

Shangazi akatokea mlangoni, akashika ukuta.

"Na ukaniacha nikajiona mjinga ndani ya nyumba yangu?"

Pasi alimtazama fundi kama anayemjua na asiyemjua, akanyoosha kidole mlangoni.

Mhandisi alimsimamisha kazi. Fundi akafunga begi, akalifungua, akalifunga tena. Hatimaye akatoka kutembea, na huko simu ikalia.

"Uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Pasi.

"Nazunguka tu mjini. Kukaa siwezi."

"Nimempigia shangazi magoti. Kanisamehe, mimi mwenyewe sijajisamehe. Nilimsema vibaya, wewe ukakaa kimya. Nilishindwa kukuchukia, ndicho kinachoniudhi."

"Pasi, niolewe… yaani, nikuoe."

Akacheka huku akilia. "Hata hilo umekosea! Siku nikiwaka moto, utanyamaza tena?"

"Nitasema."

"Sema sasa."

"Naogopa. Sina kazi. Sijui kesho nitakuwa mji gani, na nakupenda hadi sikai chini."

Pasi akajifuta macho.

"Njoo uyaseme hayo hayo mbele ya shangazi, usipunguze hata moja. Mimi nimeshakubali."