Siku Tatu za Saliha

Mazoezi ya kundi la ngoma yalikuwa yamepamba moto nyuma ya gereji moja ya mtaa wa Bwiza pale kijana asiyejulikana alipoingia na ngoma kichwani, jasho likimtiririka, akauliza kama ndipo wanapotafuta mpigaji.

"Tunatafuta mpigaji, si mbeba mizigo," Saliha alimtania, akikaza mtandio wa kijani kiunoni.

"Mpigaji ni mi. Mizigo nimebeba ili unione."

Wasichana wakacheka. Aliitwa Anselme, mzaliwa wa milimani, akikaa mtaa wa Cibitoke kwa kaka yake. Alipoanza kupiga, miguu ya Saliha ilimfuata yenyewe. Mwezi haukuisha, wakawa wanaitana sheri, yaani mpenzi, kwenye simu. Waridi, kiongozi wa kundi, akawachagua wafungue onyesho la mchujo. Watakaoshinda wangekwenda kucheza Dar es Salaam.

Kisha mvua ikaporomosha ukingo wa mto Ntahangwa, ukamfukia kaka yake Anselme.

Saliha alilia naye. Akahesabu siku tatu, kama walivyohesabu kwao Waislamu kila msiba. Ya nne akampigia.

"Tunakungoja mazoezini, sheri."

"Apana. Siwezi kugusa ngoma."

"Siku tatu zimeisha, Anselme. Au umenichoka?"

Simu ikakatwa.

Wiki mbili Saliha alicheza kwa ngoma ya mtu mwingine, kifua kimemjaa hasira. Mwishowe akaenda Cibitoke. Alimkuta Anselme kizingitini, kichwa kimenyolewa, amevaa shati lile lile la mazishi.

"Kwetu ngoma hailii mpaka ukoo ukutane kuondoa msiba," alisema bila kumtazama. "Nilidhani unajua. We ukaniuliza kama nimekuchoka."

"Mi nilihesabu za kwetu. Nisamehe."

Anselme akasogea kumpisha kizingitini. "Siku ya kuondoa msiba kila mutu atakaa na mutu wake. Mi nilikuwa na kaka tu. Utakuja kukaa karibu yangu?"

"Nitakuja."

"Hata tarehe hujauliza."

"Nitakuja, we. Tarehe gani?"

Akaitaja. Ilikuwa Jumamosi ya onyesho. Waridi aliipanga wakati Anselme hayupo. Saliha hakumwambia Anselme.

"Ukikosa, nafasi yako nampa Sumaya," Waridi alimwambia kesho yake, Saliha alipomweleza. "Na usirudi kuniomba."

"Najua, dada Waridi."

"Kwa ajili ya matanga ya watu wasiokujua?"

"Yeye ananijua."

Jumamosi Saliha aliketi kwenye benchi uani, amevaa baibui alilopiga pasi mara mbili, chupa ya Fanta mkononi, huku wenyeji wakipokezana pombe ya ndizi na kusimulia kwa Kirundi cha haraka. Simu ikatetemeka mapajani: picha ya Sumaya jukwaani, ndani ya vazi alilolishona Saliha mwenyewe. Akaizima.

Mama mmoja mzee akauliza huyu binti wa baibui ni wa nani. Saliha akasogea, bega likagusa la Anselme, akabaki hapo mpaka mabenchi yalipoanza kurudishwa kwa jirani.